Nani Anakunywa Umeme wa Gari Yetu?

Siku ya yenga, tarehe 5 mwezi wa kumi

Tumetoka misa. Bwana yangu Cubaka amepanda lori ya patron wake wa kazi, wameenda ku muji wa Kiwanja kununua maharagi. Atarudi siku ya posho, tarehe 11, asubuhi, palepale siku ya ndoa ya dada yake. Ameniachia mutoto na ufunguo ya gari. Mutoto nimezoea kuachiwa. Ufunguo, mara ya kwanza!

Gari ni mupya, nyeupe, ndogo kama kabati ya vyombo. Haijui mafuta. Inakula umeme tu. Haitoi moshi wala sauti. Inaweza kupita nyuma ya mugongo wako na wewe unaendelea kuchagua nyanya.

Hapa kwetu Katoyi, mu parcelle yetu, boma moja la wapangaji, nyumba zote ziko na compteur moja ya umeme, ile mita tunajaza na feza ya wote. Siku gari iliingia, majirani walifanya mukutano mbele hata ya kutupa pongezi. Mama Joviale, ule anauza sambaza, samaki wadogo wa ziwa, alisema siku kabati yetu itakula ku compteur ya watu wote, atakata kamba yake ya umeme na kisu ya samaki. Cubaka akaapa haitakula hapa. Anailisha ku depo ya patron wake. Jana aliileta imeshiba: ile kioo ndogo ya mbele inaandika 100. Haitatoka mpaka siku ya posho, itakapobeba bibi-arusi. Kazi yangu ni kuilinda, basi.

Shemeji Luc alisikia haya na akacheka. Luc ni kaka mukubwa wa bwana yangu, anaishi Himbi, ni chauffeur, anaendesha jeep za mashirika. Alisema kwake kuna mulango ya chuma na mulinzi, na gari haiachiwi mwanamuke ambaye hata baiskeli ingemutupa. Cubaka akamujibu mbele yangu: "Kama siku ya posho gari iko imeshiba, ufunguo utabaki kwa Mama Exaucée, mama ya mutoto wangu, na nitamufundisha kuendesha. Kama hapana, gari utaichukua wewe, ikalale Himbi."

Huo ufunguo hautatoka mukononi mwangu! Mwezi jana tulienda kupimisha watoto kilo, kwa miguu, juu ya yale mawe ya volkano, mvua njia yote. Toka siku ile Exaucée anakohoa. Mama anayeendesha gari hanyeshewi, na mutoto wake anafika kavu kama mutoto wa mheshimiwa.

Muchana mvua ikaanguka. Mutoto akalia mpaka sauti ikamwisha. Nikaingia naye mu gari, nikafinya ile kifungo ya joto Cubaka alinionyesha. Hewa ya moto: vuuu. Exaucée akalala kinywa wazi, kama babu yake ku mahubiri. Na mimi nikalala. Gari haikusogea hata kidogo, kwa hiyo haikutumia kitu. Aksanti, gari!

Siku ya kwanza, tarehe 6

Yesu na Maria! Kioo inaandika 78!

Nimezunguka gari mara nyingi. Magurudumu iko palepale. Haikutembea. Na mutu hapungui kilo akiwa amelala.

Nikakaa juu ya jiwe, nikawaza. Kila mutu wa Goma anajua: ukiacha gari inje, wanakuja na mupira, wananyonya mafuta. Jeep ya mwenye parcelle walishaikausha hivyo, asubuhi ikabaki inakohoa kama mutoto wangu. Sasa, kama mafuta ambayo ni mazito inanyonywa, umeme ambao ni mwepesi utashindwa kunyonywa? Haya! Sikumaliza masomo, lakini kuwaza sikuacha.

Nashuku Mama Joviale kwanza. Frigo yake ya kugandisha samaki ilikuwa na tabia ya kuzimika, sasa inaimba muchana kutwa. Imepata wapi nguvu ya kuimba? Halafu kuna Viateur, kijana wa kiosk ya kuchaji simu, ile imebandikwa ku ukuta wetu. Simu zinaning'inia pale kama popo. Zote zinashiba. Zinashiba na nini?

Nikamwaga unga wa muhogo kuzunguka gari yote. Mwizi hana mabawa. Atakanyaga, nitaona mguu wake, nitaupima na viatu vya parcelle yote.

Mvua tena. Exaucée hataki kitanda, anataka vuuu. Na mimi nikagundua jambo la akili: mulinzi muzuri ni ule anakaa ndani! Nani atanyonya gari yenye mama ndani yake? Tukalinda mpaka jioni, joto imefunguliwa ili mulinzi mudogo asikohoe.

Siku ya pili, tarehe 7

54!

Tumelinda muchana wote na bado wamekunywa. Huyu mwizi si wa kawaida.

Unga umekwisha. Kuku za Mama Joviale wameula wote, mpaka chini ya magurudumu. Kuku za Mama Joviale! Nani aliwatuma? Kulibaki alama ya mguu moja tu, ya mutu bila viatu. Nikaupima na wangu. Ulikuwa wangu.

Mama Joviale mwenyewe akaja kuuliza kwa nini natupa chakula chini na vita imetufundisha njaa. Nikasema ni dawa ya mchwa. Akaniangalia. Akaenda. Akarudi na sahani ya sambaza za kukaanga, akasema mama anayenyonyesha hafai kukaa na njaa mu kabati. Kwa nini leo? Wiki nzima hajanipa hata kichwa ya samaki! Nilikula zote, kwa uchunguzi. Zilikuwa tamu kupita kiasi. Mutu asiye na kosa hawezi kukaanga hivyo.

Nikapita kwa Viateur, Exaucée mu mugongo, kama mutu anayetembea tu. Nikafuata nyuzi zake na macho. Moja inaingia ku ukuta. Nikamuuliza ile inaenda wapi. Akajibu, bila hata kuona haya, kwamba inaenda ku compteur, sawa na nyuzi za watu wote, na kama niko na simu ya kuchaji niiweke. Alijibu haraka. Mutu wa haki anafikiri kwanza.

Nikafunga mikebe ya maziwa ku milango ya gari na kamba. Mwizi akigusa, italia. Halafu tukaingia kulinda. Kila mara nilipofungua dirisha, mikebe ililia, Exaucée akashituka, nikaongeza joto kidogo ili arudi kulala. Maskini mutoto wangu. Kifua chake leo kimetulia. Walau kuna kitu moja inaenda muzuri.

Siku ya tatu, tarehe 8

33. Nimeifuta kioo na nepi, bado 33.

Na ndipo Nshobole akakuja! Wifi yangu, bibi-arusi mwenyewe, kutoka Himbi na moto, ile pikipiki ya abiria. Anataka kuona gari yake ya siku ya posho. Nikakimbia mbele yake, nikatupa nepi juu ya kioo yenye namba. Akauliza ile nepi ni ya nini. Nikasema kioo mupya haipendi jua. Mvua ilikuwa inanyesha.

Akaingia. Akagusa viti. Akaanza kulia! Akasema rafiki yake wa kwaya alienda kuolewa mu gari yenye kutoa moshi, gauni ikafika kanisani nyeusi kama makaa, mpaka padri akauliza kama kuna musiba. Akasema yeye amewaambia kwaya yote: mimi nitakuja mweupe na kimya, kama hostia. Akanishika mikono, akasema, "Nabintu, wewe njo dada yangu." Nani hapa ulimwenguni ananiita Nabintu? Wote wananiita Mama Exaucée. Nikalia na mimi. Tukakaa mu joto, tukasikiliza muziki, tukapanga maua, mpaka mvua ikakatika.

Hawezi kwenda kwa mume na gari yenye kiu. Hawezi! Na Luc hawezi kupata ufunguo.

Luc akapiga simu jioni. Akauliza gari iko namna gani. Nikamujibu iko palepale ilipoachwa. Hiyo ni kweli mbele ya Mungu.

Siku ya ine, tarehe 9

Leo nilifanya kitu. Sitaki kuiita wizi. Kama mutu amekunywa maji yako na wewe unachota ku mutungi wa nyumba, ni nani mwizi?

Asubuhi parcelle ilibaki tupu. Mama Joviale alishuka ku ziwa kuchukua sambaza. Viateur alienda ku matanga, akafunga kiosk na simu zote ndani zinakula. Nikatoa ile kamba ndefu ya gari, nikaipitisha ku dirisha, nikaichomeka ku ukuta. Gari ikafanya "tin". Taa ya kijani! Nikapiga magoti.

Compteur ikaanza kulia: pii, pii, pii. Nikaifunika na mto. Ikalia ndani ya mto. Halafu ikanyamaza, na kila kitu ikanyamaza pamoja nayo. Taa, radio za majirani, ile frigo yenye kuimba. Umeme wa parcelle yote ulikuwa umekwisha! Nilikuwa sijajua kabati ina tumbo kama hiyo.

Nikasikia mulango. Mama Joviale! Nikavuta kamba mbiombio, nikaikunja, nikaifunga na kikwembe, nikaibeba mu mugongo. Akanisalimia. Akapiga mugongo wangu kidogo, kama wamama wanavyofanya, akasema mutoto leo amekuwa mugumu. Nikasema ni meno. Wakati uleule Exaucée akaanza kulia kule ndani ya nyumba. Mama Joviale akaangalia mugongo wangu, akaangalia nyumba. Nikasema ni radio. Akaangalia nyumba yake yenye giza. Nikaongeza: radio ya betri.

Jioni, mukutano. Viateur alikuja na wenye simu nyuma yake, wote wamekasirika. Kila mutu alimushuku mwenzake. Mama Joviale alisema kuna mutu amekula umeme wa siku nyingi kwa asubuhi moja, na huyo mutu si binadamu, ni shimo. Wakatafuta mutu wa kuongoza uchunguzi. Muzee wa nyumba ya nyuma akasimama, akasema, "Tuchague Mama Exaucée. Huyu mama yuko macho muchana kutwa, tunamuona anakaa mu ile gari yake kama askari."

Wakapiga makofi. Mimi njo nimechaguliwa kutafuta aliyekula umeme. Nilikubali. Ukikataa wanakushuku.

Gari ilipata kidogo sana: ilikuwa imeshuka 21, imepanda 36.

Siku ya tano, tarehe 10

Mukutano wa kwanza wa uchunguzi: mimi, Mama Joviale na Viateur. Tulianza chini ya bati. Mvua ikatupiga pembeni, mutoto akakohoa, kwa hiyo nikawakaribisha mu gari. Mama Joviale alisita, halafu akaingia na beseni yake ya samaki. Nikafungua joto. Vuuu. Akavua viatu.

Tuliuliza kila mutu alikuwa wapi. Mama Joviale: ku ziwa. Viateur: ku matanga. Mimi nikasema nilikuwa nafanya usafi. Wakaandama mambo mingine. Viateur alitoa fikra kwamba ni umeme wenyewe unaotoroka, kwa sababu ya volkano. Mama Joviale akasema volkano inasingiziwa kila kitu hapa Goma, hata mimba. Tukacheka mpaka vioo vya madirisha vikafunga na mvuke. Walikataa kushuka. Mama Joviale alisema kumbe kabati hii si mubaya, na ingekuwa inauzwa chai ndani, angehamia. Tulichunguza hivyo mpaka jioni.

Walipotoka, nikatoa nepi. 9.

Tisa! Mbele ya watu watatu, wamekunywa karibu yote! Sasa najua hawa wawili wana uhusiano na mwizi. Kwa nini walikuwa na furaha vile? Na kwa nini hawakutaka kutoka? Walikuwa wananishika mu maneno ili mwenzao anyonye chini!

Sikula. Namuangalia mutoto. Kesho baba yake anarudi.

Siku ya posho, tarehe 11

Cubaka alifika asubuhi na vumbi la barabara na mufuko wa maharagi. Luc alikuwa amemungojea ku mulango tayari, suti, tai, jeep imepambwa maua, na tabasamu ambayo sikupenda. Cubaka akafungua gari. Akainua nepi. Akasoma namba. Luc akasema, "Mimi nilisema nini?"

Nikapiga kelele: mwizi! Nikawaambia yote: mupira, unga, kuku, mikebe. Parcelle yote ikatoka. Cubaka akauliza, polepole, mwizi anakuja saa gani. Nikasema tukiwa ndani, palepale tukilinda! Ingieni muone!

Tukaingia. Cubaka mbele, Luc kando, mimi nyuma na Exaucée. Nje ilikuwa baridi. Nikainua mukono, nikafungua joto, kama kila siku. Vuuu. Tukaangalia namba. 9. Tukangoja. 8!

"Munaona!" nikasema. "Anakunywa! Anakunywa sasa hivi!"

Nikamutupia Luc mutoto, nikatoka mbio, nikalala chini ya gari na nguo yangu ya ndoa. Hakuna mutu. Nikaangalia nyuma ya ukuta. Hakuna. Niliporudi ilikuwa 7. Cubaka akafinya kifungo, joto ikazimika. Tukangoja tena. 7. Ikabaki 7. Ikabaki tu.

"Ameogopa," nikasema.

Cubaka akaweka kichwa juu ya usukani. Nilifikiri analia. Alikuwa anacheka, mabega yote. Majirani pia. Akaniambia, "Mama Exaucée, mwizi wako ni joto. Njo inakunywa, hata gari ikisimama." Nikamujibu joto ni hewa, na hewa haina kinywa. Luc akacheka mpaka tai ikageuka mugongoni.

Halafu Mama Joviale akaona ile kamba ndefu, ku dirisha yetu, nilipoianika. Akaiangalia. Akaniangalia mugongo. Akaingia kwake, akatoka na kisu ya samaki. Nikachukua mutoto kwa Luc, nikamukumbatia. Akafika mbele yangu, akashika ule utepe murefu wa kupamba gari ya arusi ambao Viateur alikuwa anashindwa kufungua, akaukata vipande viwili. "Bibi-arusi hangoji," akasema. "Mambo ya mapacha wako tutazungumza siku ya kwanza." Akafunga maua yeye mwenyewe. Mukono yake inanuka samaki, lakini maua ilikaa muzuri. Nilishuku huo wema. Bado naushuku.

Tulienda Himbi polepole, bila muziki, bila joto, kama watu wanaobeba mayai. Nshobole akatoka. Ee Mungu Nyamuzinda, namna alikuwa muzuri! Akakaa nyuma pamoja na mimi. Luc mbele na jeep yake, anapiga honi, klaxon juu ya klaxon, na gari zingine nyuma yetu. Njiani nikaona Nshobole anajikunja na baridi. Gauni nyepesi ya dantela, hewa ya ziwa, musichana anaacha nyumba ya mama yake. Ningefanya nini? Cubaka alikuwa anaangalia barabara. Nikanyoosha mukono katikati ya viti, nikafinya joto. Kidogo tu. Sauti yake ikapotea mu klaxon ya Luc.

Ku kale kamulima mbele ya kanisa, gari ikasimama. Kioo ikaandika 0, na picha ndogo ya kobe. Cubaka akanigeukia. Nikaangalia dirishani.

Nshobole akauliza kwa nini tumesimama. Macho yake ikaanza kujaa maji. Kwaya yote ilikuwa inangoja pale juu! Nikafungua mulango, nikavua viatu, nikaenda nyuma, nikasukuma. Peke yangu. Haikusogea. Halafu kando yangu nikasikia harufu ya sambaza. Mama Joviale alikuwa ameshuka mu gari ya nyuma. Viateur pia. Vijana wawili waliokuwa wanasukuma chukudu, zile baiskeli za mbao, wakazitupa chini wakakuja, halafu wamama, halafu wajomba na suti zao. Mama Joviale akaanza wimbo. Tukasukuma na kuimba, kila mutu na mukono moja ku gari na kitambaa ku mukono mwingine.

Na hapa njo nilijua gari yetu ni ya ajabu. Gari ya mafuta ikisukumwa, kila mutu anajua imekufa. Yetu haina sauti ikitembea, na haina sauti ikisukumwa! Watu wa ku mulango ya kanisa waliona gari nyeupe, kimya, inapanda polepole katikati ya watu wanaoimba. Wamama wakapiga vigelegele. Wakwe walisema hawajawahi kuona familia inayoheshimu binti yake namna ile, kumubeba na mikono mpaka altare. Nshobole akashuka bila doa moja. Alikuwa anacheka.

Lakini ahadi ni ahadi. Jioni, mbele ya familia yote, Cubaka akampa Luc ufunguo. Hakuniangalia alipompa. Luc akavuta gari na jeep mpaka kwake, iende ikashibe nyuma ya ile mulango ya chuma. Nilirudi Katoyi kwa miguu, mutoto mu mugongo. Mvua haikusahau kutunyeshea. Exaucée alikohoa njia yote.

Siku ya yenga, tarehe 12

Sikwenda misa. Nilimwambia Mungu sababu kutoka nyumbani.

Muchana Luc akakuja. Alikuja na gari yetu, anaiendesha kama mutu anayebeba nyoka. Suruali yake ilikuwa na matope mpaka magoti. Hakutaka kiti, hakutaka maji. Cubaka alitoa maneno kwake moja moja, kama kung'oa misumari.

Ilikuwa hivi. Gari ilishiba kwake. Asubuhi Luc akataka kuonyesha majirani wa Himbi namna chauffeur wa kweli anaendesha umeme. Akazunguka, akarudi, akasimama mbele ya nyumba. Akasikiliza. Hakuna sauti. Toka aanze kazi yake, gari isiyo na sauti ni gari iliyozimika. Akaachia breki, akatoka, akaanza kueleza watu. Nyuma yake gari ikaondoka yenyewe, polepole, bila kuaga, ikapita mu bustani ya mwenye nyumba, ikala maua yote, ikamusukuma mulinzi na kiti yake mpaka ku ukuta. Mulinzi alikuwa amelala. Aliamka anasafiri.

Gari haikuumia. Mulinzi pia. Lakini mwenye nyumba amesema hiyo kitu isirudi kwake tena, na Luc amesema gari inayotembea bila ruhusa ni ya walozi, yeye anataka kitu chenye moshi, ukiiona unajua iko hai. Akaweka ufunguo ku mukono wangu. Mukono wangu! "Chukua, mama ya mutoto," akasema. "Munafanana."

Nilitaka kumujibu. Nilikosa nafasi, nilikuwa nabusu ufunguo.

Siku ya kwanza, tarehe 13

Niliapa. Mbele ya Cubaka, mukono juu ya kichwa ya Exaucée: kifungo ya joto sitaigusa tena, hata barafu ianguke Goma. Na sijaigusa!

Na Mama Joviale tumemaliza. Nitamulipia umeme ule na kazi: nitaosha sambaza zake mpaka atakaposema basi. Hajasema.

Asubuhi nimeanza masomo. Cubaka alinikalisha ku kiti ya chauffeur. Nilienda mbele mpaka ku mulango, nikarudi nyuma mpaka ku jiko ya Mama Joviale. Jiko iko salama, sufuria iko salama, Mama Joviale alikuwa juu ya ukuta. Cubaka amesema niko na mukono muzuri. Alisema hivyo mwenyewe!

Akaenda kazini. Kioo ilikuwa inaandika 94. Mvua ikaanguka, mutoto akaanza kulia. Tukaingia mu gari. Joto: imezimwa. Niliangalia mara mbili. Lakini kando yake niliona kifungo ingine, ndogo, yenye picha ya kiti. Nikaifinya. Kiti ikapata moto chini yangu, polepole, kama mukate unaotoka ku moto. Hakuna hewa, hakuna vuuu. Kiti si joto. Kiti ni kiti. Exaucée akalala juu ya tumbo langu na hakukohoa hata mara moja. Tulikaa muchana kutwa.

Jioni nikaangalia namba. Imeshuka!

Na joto haikuguswa! Sasa nani atacheka? Nilikuwa na haki toka mwanzo: mwizi yuko. Na mimi najua alipitia wapi. Ni nani mwingine alilala na ufunguo yangu usiku mzima? Nani aliileta hapa kabla hata ya mutu kumuomba? Luc! Amewaonyesha wezi njia.

Sitamwambia Cubaka bado, atacheka. Kesho tutaingia kulinda toka asubuhi, mimi na Exaucée. Nimeangalia muzuri: hata kiti ya kando iko na kifungo yake.